Macho ni mazima, lakini mtoto haoni

Mama ameketi hatua mbili tu kutoka kwa mwanawe wa miaka minne. Anamwita, anatabasamu, anampungia mkono. Mtoto anageuka kuelekea sauti, lakini macho yake yanapita juu ya uso wa mama kama yanavyopita juu ya ukuta, kisha yanatua kwenye taa ya darini na kuganda hapo. Muda si mrefu, mpira mwekundu unaviringika sakafuni. Mtoto anaufuata kwa macho bila kusita. Anageuza uso pembeni na, huku akitazama kwingine kabisa, ananyoosha mkono na kuushika. Shangazi yake aliyekuwa akiangalia yote hayo anatikisa kichwa: "Wifi, huyu mtoto anaona vizuri tu. Anatufanyia kusudi."

Hafanyi kusudi. Mpira aliuona kwa sababu ulikuwa wa rangi moja kali, ulikuwa peke yake kwenye sakafu tupu, na ulikuwa ukienda. Uso wa mama una macho, pua, mdomo unaochezacheza, hereni, na nyuma yake kuna pazia la maua. Juu ya hayo yote, ulimjia pamoja na sauti. Kwa ubongo uliojeruhiwa, mpira ni kazi nyepesi, na uso wa binadamu ni miongoni mwa kazi nzito kuliko zote. Hata kule kugeuza uso kabla ya kushika kunajulikana: kutazama na kunyoosha mkono kwa wakati mmoja kumemzidi, kwa hiyo anavifanya kwa zamu.

Hali hii huitwa ulemavu wa kuona unaotokana na ubongo, na wataalamu huifupisha kwa herufi CVI. Katika nchi tajiri, ambako hospitali huokoa watoto wachanga wengi waliozaliwa kabla ya siku zao au waliozaliwa wakiwa hoi, ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya watoto kutoona vizuri. Hata hivyo wazazi wengi huishi nayo miaka bila kuisikia ikitajwa, na walimu wengi hukutana nayo darasani wakaiita uvivu.

Jicho hupokea, ubongo ndio unaoona

Kazi ya jicho ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara. Ishara hizo huingia kwenye neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni moja, zikasafiri ndani ya ubongo hadi kisogoni, na huko ndiko mistari, rangi na mwendo huanza kupambanuliwa. Mtoto mwenye CVI anaweza kupelekwa kupimwa, mboni ikasinyaa vizuri mbele ya tochi, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikaonekana safi, na mzazi akaambiwa macho hayana tatizo. Aliyesema hivyo hakudanganya. Amekagua mlango, ukaonekana mzima; chumba cha ndani hajakifikia.

Na kisogoni si mwisho wa safari. Mwaka 1992 Melvyn Goodale na David Milner walieleza kwamba kutoka hapo taarifa hushika njia mbili. Njia ya chini huelekea pande za kichwa, usawa wa masikio, na hujibu maswali ya aina ya "hiki ni nini?" na "huyu ni nani?" Njia ya juu hupanda kuelekea utosini, na hushughulika na kitu kiko wapi na mkono au mguu ukifikie vipi. Walijenga hoja yao juu ya mwanamke mmoja ambaye ubongo wake uliumizwa na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Alipoonyeshwa upenyo mwembamba uliokatwa na kuulizwa umelala au umesimama, alishindwa kusema. Alipopewa kadi na kuambiwa aipenyeze humo kama anayetia barua sandukuni, mkono wake uligeuka sawasawa na kadi ikaingia. Mkono ulijua jambo ambalo mwenyewe hakulijua.

Habari ya mwendo ni ya zamani zaidi. Mwaka 1917 daktari wa jeshi la Uingereza, George Riddoch, aliandika kuhusu askari waliojeruhiwa kisogoni katika Vita Kuu ya Kwanza. Upande uliopofuka hawakuona kitu kilichotulia, lakini kitu kilipotikiswa upande uleule walijua kuna kinachokwenda. Ninapomwona mtoto anayeshindwa kukiona kikombe kilichosimama lakini anageuka kikipungwa, nawakumbuka askari wale, na natamani shangazi wote wangewajua.

Majeraha yenyewe mara nyingi hutokea karibu na kuzaliwa. Mtoto alikosa hewa wakati wa uchungu, au alizaliwa njiti, au sukari yake ilishuka mno siku za mwanzo, jambo ambalo huumiza hasa kisogo. Wengine waliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, wengine walijaa maji kichwani, walipata ajali, au wana kasoro za kurithi. Kwa kuwa chanzo ni kimoja, CVI huandamana sana na mtindio wa ubongo na kifafa, na hapo ndipo inapofichika: familia inahangaika na degedege na miguu iliyokakamaa, na hakuna anayeuliza kuhusu kuona. Wapo pia watoto ambao picha ya MRI, ile ya kuchungulia ndani ya ubongo, haionyeshi chochote, na bado dalili zote wanazo. Picha safi haitoshi kuifuta CVI.

Shida anazozipata

Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni msongamano. Mwaka 1909 daktari wa Hungaria, Rezső Bálint, alieleza kuhusu mgonjwa ambaye alikuwa akiona kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, hata kama mbele yake vilikuwapo vingi. Watoto wengi wenye CVI wanaishi karibu na hali hiyo. Kila unachoongeza mbele yao kinapunguza wanachokiona. Mwanasesere aliye peke yake mezani anaonekana. Mwanasesere huyohuyo ndani ya kapu la vitu vya kuchezea ametoweka. Mama anayeonekana sebuleni anapotea katikati ya watu kumi, na mtoto analia akiwa hatua tatu kutoka kwake.

Kisha kuna sehemu za mbele yake ambazo hazimo kabisa. Watoto waliozaliwa njiti mara nyingi hupoteza eneo la chini, kwa sababu nyuzi zinazobeba taarifa za eneo hilo hupita karibu na vyumba vya maji vya ubongo, mahali panapoumia kirahisi kwa njiti. Mtoto wa namna hii anajikwaa kwenye kizingiti, anasita penye ngazi za kushuka, anamaliza nusu ya juu ya sahani na kusema chakula kimekwisha. Hamchezei mtu. Nusu ya pili haikuwapo.

Yapo mengine: kutotambua nyuso mpaka mtu aongee, kukodolea taa au dirisha, kukosea umbali wa kitu anapotaka kukishika, kuhitaji sekunde nyingi, wakati mwingine nusu dakika nzima, kabla macho hayajageukia kilichowekwa mbele yake. Hakuna mtoto mwenye yote. Wapo wanaoonekana kama vipofu kabisa utotoni, na wapo wanaosoma herufi ndogo kwenye ubao wa kupimia macho bila taabu lakini hawawezi kumpata rafiki yao uwanjani. Hawa wa pili ndio wanaoteseka kimyakimya, kwa sababu kipimo kimewapa cheti cha uzima.

Jambo linalovuruga watu wote ni kwamba leo anaona na kesho haoni. Asubuhi alimtambua baba, jioni anamgonga kama mlango. Kuona kwa mtoto huyu kunagharimu nguvu, na nguvu hizo ndizo anazotumia pia kukaa wima, kusikiliza, kuvumilia joto na kelele. Zikiisha, kinachoanza kuzimika ni kuona. Degedege la usiku linaweza kumla siku nzima inayofuata, na baadhi ya dawa humlegeza pia. Kwa hiyo swali la "anaona kiasi gani?" halina jibu moja, na mzazi atachoka kulijibu. Lenye faida ni hili: anaona mahali gani, saa ngapi, akiwa amekaaje, na kitu kikiwa kimewekwaje? Ukilishika swali hilo, kila siku inakufundisha kitu.

Nyumbani

Usianze kwa kununua vifaa. Anza kwa kutazama siku tatu au nne na kuandika: aligeukia nini, cha rangi gani, kilikuwa upande gani, redio ilikuwa imewashwa au la. Watoto wengi hupenda nyekundu au njano, lakini rangi ya mtoto wako ni ile aliyokwisha kuichagua mwenyewe, hata kama ni ya zambarau.

Halafu chukua kitu kimoja anachokitumia kila siku. Tuseme ni kijiko. Tandika mezani kitambaa cheusi kisicho na maua wala mistari. Zima redio na televisheni. Mketishe mtoto akiwa ameegemea vizuri, kichwa kimetulia na nyayo zimekanyaga kitu, kwa maana mtoto anayepambana asianguke hana akiba ya kupeleka kwenye macho. Shika kijiko chekundu, kilete kwenye upande anaouona vizuri zaidi, kitikise kidogo, kisha nyamaza.

Kunyamaza ndiko kugumu. Sekunde ishirini za ukimya mbele ya mtoto ni ndefu mno, ulimi unawasha, na tunaanza: "Tazama, tazama hapa, kijiko hiki, umekiona?" Kila neno linamtoa kwenye kutazama na kumpeleka kwenye kusikiliza, kwa kuwa wengi wao hawawezi kufanya yote mawili pamoja. Subiri. Macho yakitua, hata kwa muda wa kupepesa, ndipo useme: "Kijiko. Chekundu." Kisha mlishe nacho. Mlo unaofuata, kijiko kilekile, kitambaa kilekile.

Kurudia huko ndiko kunakojenga. Ubongo wa mtoto mdogo bado unajitengeneza, na watoto wengi wenye CVI huongezeka uwezo wa kuona kadiri wanavyokua, jambo ambalo magonjwa mengi ya jicho hayaruhusu. Lakini ubongo haujifunzi kutokana na usichoweza kukishika. Kumweka mtoto mbele ya taa zinazomwekamweka kwa saa nzima hakumfundishi kuona. Atakodolea tu, na kama ana kifafa, mwulize daktari kwanza kabla hujathubutu. Kijiko, sifongo ya kuogea na shati la kuvaa vinamfundisha zaidi, kwa sababu vina maana na vinarudi kila siku bila mzazi kutafuta muda wa ziada ambao hana.

Marekebisho mengine ni madogo mno hata watu huyadharau. Shuka la rangi moja badala ya lenye picha. Nguo zikunjwe moja moja, rundo halitamfaa. Sahani isiyo na mapambo, ya rangi tofauti na chakula, nayo izungushwe katikati ya mlo ili kilichokuwa chini kipande juu. Ukingo wa kila ngazi uwekewe utepe wa rangi kali. Anayejifunza kutembea asukume kigari imara, maana mikono itamwambia sakafu imepanda au imeshuka kabla miguu haijajua. Mama avae kitambaa cha rangi ileile kila wanapotoka, na kila anayemsogelea mtoto ajitaje: "Ni mimi, baba, niko kulia kwako." Mtoto hapaswi kukisia nani anamnyanyua.

Penye umati, wengi hufunga macho, hujifunika uso au hulia hadi wapaliwe. Jamaa wataita utovu wa adabu. Mimi naiita akili: mtoto amezima mlango mmoja kwa sababu yanayoingia yamemzidi. Nenda naye saa ambazo watu ni wachache, mpe kofia yenye ukingo mpana, na akitaka kulala begani, mwache alale.

Shuleni

Mwalimu mwenye mtoto huyu darasani kwanza aangalie kuta zake. Darasa zuri kwa macho yetu, lenye michoro kila kona na kamba za herufi zinazoning'inia, kwake ni kelele. Haihitajiki kubandua kila kitu. Inatosha sehemu anayoitazama, yaani mbele, iwe tupu. Akae akiwa amelipa dirisha mgongo, pembeni ya safu ili wenzake wasimpite mbele na nyuma, na upande unaoweka ubao pale anapoona.

Kwenye ukurasa, watu hukimbilia kukuza herufi. Wakati mwingine inasaidia, wakati mwingine inaharibu, kwa sababu herufi kubwa zilizobanana bado zimebanana, na neno refu huenda lisienee tena katika eneo dogo analoliona. Nafasi kati ya maneno na kati ya mistari mara nyingi ina faida kuliko ukubwa. Maswali matano kwa ukurasa yawe mawili. Na kuna kifaa ambacho mwalimu hukitengeneza kwa dakika mbili: kipande cha karatasi ngumu nyeusi kilichokatwa dirisha refu jembamba, upana wa mstari mmoja. Ukikilaza juu ya kitabu, ukurasa mzima unatoweka na kubaki mstari.

Kunakili kutoka ubaoni ndiyo adhabu kubwa. Mtoto anatafuta neno ubaoni, analipata, anashusha macho, anatafuta mstari daftarini, anainua macho, neno limepotea kati ya mengine. Wenzake wamemaliza, yeye ana maneno manne. Mpe nakala ya maelezo mezani, naye atumie nguvu hizo kuelewa somo. Hilo si upendeleo, na katika mitihani muda wa nyongeza nao si upendeleo.

Picha zinahitaji uangalifu wa pekee. Anayejua kutambua kikombe mkononi huenda asikitambue kwenye picha, na mchoro wa katuni ni mgumu zaidi ya picha halisi. Mtoto hupewa majina kwa wingi bila kupewa sababu: "huyu tembo, huyu ng'ombe". Mpe alama ya kushika: tembo ni yule mwenye mkonga mrefu na masikio mapana, ukiona mkonga, ni tembo, awe wa kijivu au wa katuni ya bluu. Alama moja au mbili zinatosha, zilezile kila mara, nyumbani na shuleni. Kazi hii wazazi na walimu hufanya kwa kukisia wasipozungumza wao kwa wao, na daftari moja linalosafiri kwenye begi la mtoto huondoa makisio mengi.

Wapo ambao hata baada ya yote hayo kusoma kwa macho kutabaki mzigo. Hao wasomewe, wapewe vitabu vya sauti, na wengine wafundishwe nukta nundu. Nimesikia wazazi wakilia kwa neno hilo kana kwamba ni kushindwa. Mtoto anayesoma kwa vidole anabaki na macho yake kwa ajili ya vitu vingine anavyovitaka.

Kabla ya kumwita mtukutu

Kutotazama watu usoni, kukwepa makundi, kutaka kila kitu kikae palepale: hizi huitwa usonji haraka sana. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, lakini kwanza iulizwe kama anaziona hizo nyuso. Wataalamu hutumia maswali ya kawaida tu, na mzazi anaweza kwenda nayo hospitali yakiwa yameandikwa. Je, anasumbuka kushuka ngazi? Je, anashindwa kuona unachomwonyesha kwa mbali, au mnyama mdogo anayepita kasi? Je, anapata shida kutoa nguo moja kwenye rundo, au kunakili maandishi? Video fupi za simu, zikimwonyesha akiona na asipoona, humsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Na macho yenyewe yapimwe pia. Watoto wenye mtindio wa ubongo mara nyingi hushindwa kurekebisha macho kwa vitu vya karibu, na miwani sahihi huwaondolea mzigo mmoja kati ya miwili.

Darasa la pili, kipindi cha kusoma. Mvulana ameketi pembeni, kadi nyeusi yenye dirisha juu ya kitabu. Anasoma mstari wa kwanza kwa kunong'ona, anateremsha kadi, wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha analaza kichwa mezani na kufumba macho. Mwaka jana angeamshwa kwa kofi la daftari. Mwalimu anapita karibu, anaendelea na wengine. Zinapita dakika mbili hivi. Mvulana anainua kichwa, anapapasa kadi ilipo, anaiteremsha, na kuanza mstari wa tano.